Chumba cha 22 kilichogharimu 42

Tuanze na hesabu, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Chukua mshahara wa mkononi wa mtu mmoja, ule unaobaki baada ya makato yote, uuite 100. Kuna chumba ambacho kodi yake kwa mwezi ni 22. Kuna kingine kodi yake ni 33. Ukimuuliza yeyote kipi nafuu, atakujibu kabla hujamaliza swali. Mimi nilijibu hivyo hivyo, nikakosea, na aliyekaribia kulipia kosa langu ni mpwa wangu.

Kisa ni chake, na amenipa ruhusa pamoja na daftari alimoandika kila alichokiona. Ni binti wa miaka 26 aliyepata kazi katika jiji kubwa ambako hana ndugu. Rafiki yake wa chuo alimpokea: chumba kimoja, kitanda kimoja, na godoro la mgeni linalokunjwa kila asubuhi ili mlango ufunguke vizuri. Walikubaliana miezi miwili. Akiba yake ilikuwa 110, yaani mshahara wa mwezi mmoja na chenji. Anaingia kazini siku 24 kwa mwezi, na mara mbili kwa wiki zamu yake inaisha usiku.

Jina la jiji na sarafu nimeviacha makusudi. Kila kiasi humu ni sehemu ya ile 100, ili msomaji aweke mshahara wake mwenyewe hapo na aone kinachobadilika.

Ushauri wangu

Wiki ya kwanza alinipigia. "Mjomba, shikamoo. Kwa mshahara huu nitafute chumba cha kodi gani?"

"Marahaba. Usivuke thelathini," nikamwambia, kwa kujiamini kwa mtu ambaye hajatafuta chumba kwa miaka kumi na mitano. "Kodi ikizidi asilimia 30 ya mshahara utaishi kwa kukopa."

Hiyo 30 nilikuwa nimeisikia kila mahali, na sikuwahi kujiuliza imetoka wapi. Imetoka Marekani. Mwaka 1969 sheria ya nyumba ya huko iliongezewa kifungu kilichobeba jina la seneta Edward Brooke wa Massachusetts: mpangaji wa nyumba za umma asilipe kodi inayozidi robo ya kipato chake. Mwaka 1981 kikomo hicho kikapandishwa kutoka 25 hadi 30. Kwa maneno mengine, ilikuwa namba ya kuamulia serikali imdai mpangaji wake kiasi gani na ijazie ruzuku kiasi gani. Haikupimwa kwa kuangalia mtu anahitaji nini ili aishi. Ikahama taratibu kutoka kwenye kitabu cha sheria hadi midomoni mwetu sisi wajomba. Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, yenyewe huhesabu kwamba kaya imeelemewa pale gharama za makazi zinapovuka asilimia 40 ya kipato kinachobaki mkononi. Huku 30, kule 40. Kila mmoja amechora mstari unaomfaa kwa kazi yake.

Na kuna jambo ambalo asilimia haiwezi kulisema. Mwaka 1868 Hermann Schwabe, aliyekuwa akiongoza ofisi ya takwimu ya Berlin, alionyesha kwamba kadiri kaya inavyokuwa maskini ndivyo kodi inavyomeza fungu kubwa zaidi la kipato chake. Mwenye mshahara mnono akitoa 30, zile 70 zinazobaki ni nyingi. Mwenye mshahara mdogo akitoa 30 hiyo hiyo, 70 zake huenda zisimfikishe tarehe ishirini. Ndiyo maana mtafiti wa Marekani Michael Stone alipendekeza hesabu igeuzwe: anza na vitu ambavyo mtu hawezi kuviacha, toa kwenye kipato, kinachobaki ndicho uwezo wake wa kulipia makazi.

Mpwa wangu hakuwa amemsoma Stone. Aliigeuza hesabu mwenyewe wiki ya nne, baada ya ushauri wangu kumchosha. Aliandika chakula, umeme, simu, nguo, matibabu, kile anachomtumia mama yake, na kidogo cha dharura. Jumla 58. Chini yake akaandika 42 na kuizungushia duara. Hiyo 42 ilipaswa kubeba kodi na kila gharama inayoletwa na mahali anapoishi. Shikilia namba hiyo.

Vyumba kumi na kimoja

Wiki tatu za kwanza aliwinda kama tunavyowinda wote, kwa matangazo ya mtandaoni na madalali. Aliona, au aliahidiwa kuona, vyumba 11.

Viwili havikuwepo. Kimoja kilikuwa chambo: akifika anaambiwa "kimechukuliwa jana, ila ninacho kingine," na hicho kingine huwa ghali zaidi. Cha pili kilikuwa wizi mtupu. Picha tano safi, sauti ya upole kwenye simu, mwenye nyumba yuko safarini, watu watatu wanakitaka, basi tuma kidogo cha kukishikia mpaka kesho. Alituma 3. Kesho yake simu haikupatikana. Wiki mbili baadaye aliziona picha zile zile kwenye tangazo la mtaa mwingine kwa bei nyingine. Alizitambua kwa feni ya darini yenye panga moja lililopinda. Nilimuuliza mbona alituma hela kabla ya kuona. Alinijibu kwamba siku hiyo alikuwa ameshatembea vyumba vitatu vibaya na alitaka tu kiwepo kimoja ambacho hakihitaji kutembea. Jibu hilo lilinifundisha zaidi ya onyo lolote kuhusu matapeli. Wanategemea uchovu wetu kuliko ujinga wetu.

Vinne vilikuwa ghali kuliko tangazo lilivyosema. Vitatu vilikuwa na kasoro, na kimoja kati ya hivyo, cha saba, kinastahili kutazamwa kwa karibu. Kilikuwa kimepakwa rangi mpya, nzuri, ya maziwa. Lakini rangi hiyo ilikuwa mpya kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno tu; juu yake ukuta ulikuwa wa zamani. Binti akabonyeza kwa kidole gumba chini ya dirisha. Plasta ikabonyea kama mkate uliolowa, na kidole kikarudi na unga. Ukuta ulikuwa unakunywa maji kutoka chini, na rangi iliwekwa kufunika fangasi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu wa ndani ya nyumba, likiuhusisha na pumu na matatizo mengine ya kupumua. Dalali alikuwa nyuma yake akisifia "chumba kimefanyiwa ukarabati".

Vilivyobaki viwili vilikuwa halisi. Kimoja katikati ya jiji, kodi 46, dakika 12 kwa miguu hadi kazini. Kwa hesabu ya 42 kilikufa papo hapo. Kingine pembezoni, kodi 22. Hicho ndicho nilichomwambia, kwa sauti ya kumaliza mjadala, "chukua".

Kabla sijafika huko, kuna swali lililomsumbua, na linasumbua kila anayetafuta: je, jiji zima lina vyumba vibovu tu? Kati ya kumi na kimoja hakuna hata kimoja chenye bei ya wastani na kuta kavu?

Tuchukue mfano. Tuseme katika mtaa mmoja vyumba 20 huachwa wazi kila mwezi. Kumi ni vizuri na bei yake ni ya haki. Kumi ni vibovu au ghali mno. Vile vizuri huchukuliwa ndani ya siku mbili. Vibovu hukaa mwezi mzima kabla ya kumpata aliyekata tamaa. Sasa ingia mtaani siku yoyote. Vibovu vyote kumi vipo. Vizuri, kwa wastani, hakifiki hata kimoja, maana kumi mara siku mbili ni siku ishirini zilizosambaa katika mwezi wa siku thelathini. Nusu ya vyumba vya mtaa ule ni vizuri, na bado wewe unayepita utaona karibu vibovu vitupu. Hujarogwa. Unachokiona sokoni ni kile kilichokaa sokoni.

Juu ya hilo kuna lile la George Akerlof, mchumi aliyeandika mwaka 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika na baadaye, 2001, akashiriki Nobeli. Muuzaji anajua gari lina ugonjwa gani, mnunuzi hajui, basi mnunuzi anaogopa kulipa bei ya gari zuri, na wenye magari mazuri wanajitoa sokoni. Chumba hakitofautiani sana. Mwenye chumba kizuri ana njia bora ya kukipangisha kuliko kukitangaza kwa watu asiowajua: anamwuliza mpangaji anayeondoka, "Huna mwenzako mstaarabu?" Kwa hiyo tangazo, kwa kiasi kikubwa, ni chujio lililogeuzwa. Linapitisha makapi.

Sisemi kila tangazo ni takataka. Nasema wiki tatu za matangazo zilimfundisha bei za mitaa, jambo muhimu, lakini hazikuwa na uwezo wa kumpa chumba.

Chumba cha 22

Turudi pembezoni. Chumba kilikuwa safi, kipya, na dirisha pande mbili. Dalali alisema ni dakika hamsini hadi mjini. Hakudanganya, alipimia Jumapili.

Mpwa wangu alifanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Hakulipa siku ile. Jumanne iliyofuata aliamka usiku wa manane, akaenda hadi kule, na saa kumi na mbili kasorobo asubuhi akasimama kituoni kama vile anaishi pale. Mabasi matatu yalipita yamejaa bila kusimama. La nne alilipanda kwa kusukumwa. Katikati ya safari lazima kubadilisha basi, na foleni ya basi la pili ilikuwa imezunguka kona. Alifika mlangoni pa kazi saa moja na dakika thelathini na tano. Saa moja na dakika hamsini kwenda, na jioni ni hivyo hivyo kurudi.

Akaandika. Kodi 22. Nauli ya mabasi mawili kwenda na kurudi kwa siku 24, 13. Usiku wa zamu mbili za wiki basi la pili huwa limekwisha, lazima akodi usafiri, 4. Mtaa hauna maji ya bomba, kuyanunua 3. Jumla 42. Ile duara yote imejaa hadi ukingoni, na bado hajaugua hata siku moja.

Kisha saa. Dakika 220 kwa siku, mara 24, ni saa 88 kwa mwezi. Watafiti Yacov Zahavi na baada yake Cesare Marchetti, aliyeandika mwaka 1994, walidai kwamba watu, kwa wastani, hutumia karibu saa moja kwa siku kwenye safari, iwe mjini au kijijini, zama hizi au za kale. Mtu anaweza kubishana nao kwa mengi, lakini saa tatu na dakika arobaini kila siku si maisha ya kubishaniwa. Kwa mtu anayefanya kazi saa nane, saa 88 ni siku kumi na moja za kazi ambazo hakuna anayemlipa.

Wapo waliokwisha kulitazama hili kwa mapana. Kituo kimoja cha Chicago, Center for Neighborhood Technology, hupima unafuu wa mahali kwa kujumlisha makazi na usafiri pamoja, na kikomo chao ni asilimia 45 ya kipato kwa vyote viwili. Hata Umoja wa Mataifa, katika maelezo ya mwaka 1991 kuhusu haki ya makazi ya kutosha, uliorodhesha mahali nyumba ilipo sambamba na unafuu wa gharama yake: makazi yasiyokuruhusu kuifikia kazi, hospitali na shule hayajatosha. Kanuni yangu ya 30 ingekipitisha chumba hiki kwa alama za juu, tena kwa kupigiwa makofi.

Kuuliza swali jingine

Wiki ya tano aliacha kuuliza "chumba kipo wapi?" Akaanza kuuliza "nani anahama?"

Ni maswali mawili tofauti. La kwanza linakupeleka kwenye vyumba vilivyokwisha kaa wazi, yaani kwenye yale makapi. La pili linakufikisha kabla chumba hakijawa wazi. Kila anayehama anaacha nafasi, anayeijaza naye anaacha yake, na nafasi inasafiri hivyo mtu hadi mtu. Mwanasosholojia Harrison White aliueleza mnyororo huu mwaka huo huo wa 1970 akitazama, ajabu kidogo, wachungaji wa makanisa ya Marekani wanavyohamishwa kutoka kituo hadi kituo. Inatosha kuushika mnyororo mahali pamoja.

Aliwauliza watu wa kazini kwake, hasa wale ambao watu hawawaulizi: walinzi, wasafishaji, dereva. Alichora kwenye karatasi mstari wa basi moja linalopita mbele ya ofisi, akaweka alama kila kituo kilicho ndani ya dakika arobaini saa za asubuhi, na akawaambia: "Mtu yeyote anayehama kwenye mstari huu, hata kama ni mwezi ujao, nitajie." Masharti yakiwa wazi namna hiyo, watu husaidia. Ukisema "nitafutie chumba cha bei nafuu" kila mtu ataitikia na hakuna atakayekumbuka.

Siku ya tisa msafishaji mmoja akamwambia kaka yake anahamishwa kikazi mwisho wa mwezi. Chumba kiko kwenye mstari ule, dakika 35. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima anayeishi uani.

Alikwenda saa moja na nusu jioni, si mchana. Mchana chumba chochote kina utulivu. Akafungulia bomba akajaza ndoo huku anaongea, apime nguvu ya maji bila kuonekana anakagua. Akaomba kusogeza kabati, akapitisha kiganja ukutani nyuma yake, kukavu. Akamwuliza jirani aliyekuwa anaanua nguo maji hukatika siku gani, na, kwa swali hilo hilo, kodi huwa wanampa nani mkononi. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyosikika. Mwenye ufunguo si lazima awe mwenye nyumba. Kuna wanaopanga chumba kwa wiki mbili, wakakipangisha kwa watu watano na kutoweka. Majirani watatu wakimtaja mama mmoja, na jina hilo hilo likiwa kwenye ankara ya maji, unaweza kupumua.

Kodi iliyotajwa ilikuwa 36. Alilipa 33, na namna zile 3 zilivyotoka inafaa ielezwe, kwa sababu wengi huomba kupunguziwa kwa kulalamika. Chumba cha 36 kikikaa kitupu mwezi mmoja, mwenyewe amepoteza 36. Akipunguza 3 kila mwezi kwa mwaka mzima, amepoteza 36 hizo hizo. Mpwa wangu hakumpigia mama hesabu hiyo usoni, ingekuwa utovu wa adabu. Alisema tu, "Mama, kaka akitoka Jumamosi, mimi naingia Jumapili. Na ningependa nikae mwaka." Mama akamtazama kaka anayehama, kaka akatikisa kichwa kuafiki. "Haya mwanangu, leta thelathini na tatu."

Jumla ya mwezi: kodi 33, nauli ya basi moja 5, maji yamo kwenye kodi. Thelathini na nane. Saa za njiani 28. Chumba ambacho kodi yake ni mara moja na nusu ya kile cha pembezoni kilikuwa nafuu kwa 4 kila mwezi na kilirudisha saa 60. Na kinavuka ile asilimia 30. Ningesikilizwa mimi, kingekataliwa.

Ukuta wa mlangoni

Kodi ya mwezi ilikuwa imepatiwa jibu. Ikabaki hela ya kuingilia, na hapa ndipo watu wengi wenye uwezo wa kulipa kila mwezi hugonga ukuta. Chumba cha katikati ya jiji kilitaka miezi mitatu mbele, amana ya mwezi mmoja, na mwezi mmoja wa dalali: tano mara 46, yaani 230. Kile cha pembezoni, miezi sita na mmoja wa dalali: 154. "Rahisi" ile haikuwa ikiingilika hata kidogo kwa mtu mwenye 107 mfukoni, kwa maana 3 zilishakwenda na yule mwenye feni.

Ukuta huu unajulikana, na kuna nchi zilizoupunguza kwa sheria. Ujerumani amana haiwezi kuzidi kodi ya miezi mitatu, bila kuhesabu gharama za huduma, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa mafungu matatu ya kila mwezi. Tangu 2015, dalali huko hulipwa na aliyemwita, ambaye mara nyingi ni mwenye nyumba. Katika England, tangu Juni 1, 2019, amana imewekewa kikomo cha wiki tano za kodi kwa nyumba nyingi, na ada nyingi alizokuwa akitozwa mpangaji zimepigwa marufuku.

Mpwa wangu hakuwa na sheria ya namna hiyo ya kuegemea. Aliomba kwa mdomo kile ambacho Mjerumani anakipata kwa kifungu: mafungu. Mama alitaka miezi mitatu na amana ya mmoja, 132. Wakakubaliana miezi miwili mbele, 66, na nusu ya amana, 16.5, nusu ya pili mwisho wa mwezi wa kwanza. Jumla 82.5. Dalali hakuwepo. Akabaki na 24.5 za godoro, jiko na pazia. Sababu ya mama kukubali naijua, kwa kuwa aliitamka: "Huyu kijana sijawahi kumfuata kudai kodi. Akinihakikishia mtu, nakubali." Neno la mpangaji aliyekuwa akilipa kwa wakati lilikuwa sehemu ya amana.

Mkataba ulikuwa ukurasa mmoja. Aliomba yaongezwe tarehe, muda wa notisi kwa pande zote mbili, na namba iliyosomeka kwenye mita ya umeme siku ya kuingia. Akapiga picha za kila ukuta na ufa uliokuwa dirishani. Risiti akapewa kwa mkono.

Yasiyopendeza

Nikisimulia hivi naweza kumfanya msomaji aamini kwamba ujanja unatosha. Hautoshi. Mnyororo haukuongeza chumba hata kimoja jijini. Ulimpitisha mpwa wangu mbele ya mtu mwingine aliyekuwa akisoma matangazo usiku ule, pengine akiwa na mshahara mdogo kuliko wake. Kupita kwa kufahamiana huwafaa wenye wa kufahamiana nao. Mgeni kabisa, mwenye lafudhi ya mbali, mwanamke mwenye watoto watatu ambaye kaka yule angesita kumdhamini, hao hubaki na makapi hata wakiwa waangalifu kumshinda binti wetu. Na kwa mtu ambaye mahitaji yake yakitolewa hubaki 15, hakuna mstari wa basi utakaomwokoa. Huyo anahitaji nyumba zijengwe na mshahara uongezwe.

Na mpwa wangu mwenyewe alikuwa na bahati ambayo daftari haliionyeshi: rafiki aliyevumilia godoro mlangoni kwa wiki nane. Angekuwa na wiki tatu tu, angechukua cha saba na ile plasta.

Nilimwambia hivyo alipokuja likizo. Akacheka, akasema angechukua cha pembezoni, kwa kuwa mjomba alishasema.

Ameshamaliza mwaka. Mwezi uliopita mama mwenye nyumba alimwita uani, akamweleza kwamba vitu vimepanda na angeomba kodi irudi ile aliyoitaja mwanzo. Mpwa wangu alirudi chumbani, akafungua daftari kwenye ule ukurasa wenye duara, akaandika 36, akaandika 5, akajumlisha. Akalipa siku hiyo hiyo, akabakiwa na 1.